Marahaba Isiyo Yangu

Mbagala Rangi Tatu,
3 Februari 2025

Mwalimu,

Shikamoo.

Naitwa Lusungu Sanga. Ni mimi niliyeandika mwongozo ulio ndani ya bahasha hii, na naomba usinihukumu kabla hujafika ukurasa wa pili, ingawa ukurasa wa pili nao si mzuri sana. Kampuni yetu imetengeneza mfumo wa kompyuta kwa ajili ya kliniki za mama na mtoto. Muuguzi anampima mtoto uzito, anauingiza kwenye mfumo, na mfumo unamwambia kama mtoto anakua vizuri. Mfumo wenyewe unafanya kazi. Mwongozo wake ndio hausomeki. Tuliupeleka kwenye zahanati chache na wauguzi wote wakarudi kwenye daftari.

Bosi wangu, Brightson, amesema mwongozo usipoeleweka kufikia Juni utaandikwa na mtu mwingine, na mie nitatafutiwa kazi inayonifaa. Sijui ni ipi na sina hamu ya kuijua. Amenieleza pia kwamba wewe ni mwalimu wa kike wa Kiswahili uliyekwisha kuacha kufundisha, kwamba ni mkali, na kwamba husahihishi kwenye simu wala kompyuta, bali kwenye karatasi tu. Kwa hiyo nimechapa. Twalib wa bodaboda ataacha bahasha kwa Bi. Hamida wa fotokopi hapo Mbezi Luis, kama ulivyoelekeza.

Nakuombea afya njema na nguvu ya macho, Mwalimu.

Mwanao katika kazi,
Lusungu

*

Mwl. F. Nikodemu,
Mbezi Luis,
Dar es Salaam.
9 Februari 2025

Ndugu Lusungu Sanga,

Yah: Makosa ya sura ya kwanza

Marahaba. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesahihisha kwa kalamu ya kijani. Nyekundu niliiacha darasani. Usiogope ukiona kijani kingi, maana mengi ni makosa yaleyale yamerudi kukusalimia. Kila ulipotaka kusema "hutaweza kuingia" umeandika "hautaweza". Umeandika "masaa". Umeandika "mfumo inafungua" na ukurasa unaofuata "mfumo zinafungua", kana kwamba huo mfumo umezaa usiku. "Nyaraka hii" iwe "waraka huu". Haya yote ukitulia unayamaliza jioni moja.

Kosa kubwa ni jingine. Nimesoma sura nzima na sijajua unaongea na nani. "Mtumiaji anatakiwa kuhakikisha kuwa taarifa zimehakikiwa." Huyo mtumiaji ni nani? Amekaa au amesimama? Mtoto aliyeko kwenye mizani analia au amelala? Tafuta muuguzi mmoja wa kweli, umwandikie yeye, umwite "wewe". Usipomjua unayemwandikia, hata sarufi ikinyooka namna gani hatakusikia.

Sura hii ianze upya.

Wako,
Mwl. F. Nikodemu

*

Mbezi Luis,
10 Februari 2025

Dada Apolonia,

Shikamoo. Natumaini huko Ndanda hamjambo na mguu wa shemeji umepata nafuu. Barua hii nampa kondakta wa basi la Masasi pale stendi, pamoja na khanga yako. Najua una simu. Hili siwezi kulisema kwenye simu kwa sababu utacheka, na mie nitakata.

Nimepokea shikamoo isiyo yangu. Kuna mwandishi wa kampuni moja ya kompyuta, mwanamume mzima mwenye kazi yake, ameniandikia "Shikamoo Mwalimu" na kuniombea nguvu ya macho. Nadhani aliposikia niliacha kufundisha akaona mkongojo. Hakuna aliyemwambia kwamba ni shule yetu ya Ukonga iliyofungwa, wala kwamba nina miaka thelathini na tatu. Ningemwandikia hivyo, yangekwisha. Lakini unajua tulivyolelewa, mtu akikuamkia mkono unajibu kabla kichwa hakijafika. Niliandika "Marahaba", halafu nikaendelea na barua kama Baba alivyotufundisha, anwani juu kulia, "Yah" imepigwa mstari. Kama alikuwa na shaka, sasa hana.

Na nikwambie ukweli, ilinipendeza. Tangu shule ifungwe hakuna anayeniita Mwalimu isipokuwa Bi. Hamida, na yeye huniita hivyo akiwa na barua ya benki anataka nimsomee.

Ni kazi ya miezi michache. Hatutaonana.

Mdogo wako,
Flaviana

*

Mbagala,
2 Machi 2025

Mama Mwalimu,

Shikamoo.

Nimempata muuguzi. Anaitwa Vaileth, yuko zahanati ya jirani na kwangu, ana sauti ya kuamsha mtaa. Nilikaa kwenye benchi pamoja na akina mama na watoto wao, zamu yake ilipotulia nikamsomea sura ya kwanza. Alinikatiza kwenye mstari wa tatu. "Wewe kaka, huyu mtoto ananikojolea na wewe unaniambia nihakikishe. Niambie nibonyeze wapi." Nikarudi nyumbani nikaandika upya. Sasa sura inaanza hivi: "Mtoto akishatoka kwenye mizani, mrudishe kwanza kwa mama yake. Mfumo utakusubiri."

Kila Jumamosi nitakwenda kwake na sura mpya. Amekubali, mradi nikija nije na maandazi.

Mama, naomba nikueleze jambo lisilo la kazi. Mie si muongeaji. Ofisini wanasema nimeoa laptopu. Mwanamke wa rika langu akiniuliza habari, najibu kama niliyesimamishwa na trafiki. Wazazi wangu walishafariki, wamelala huko Makete, na hapa mjini sina mtu mzima wa kumweleza kitu. Nikikuandikia wewe, maneno yanakuja yenyewe. Naamini ni kwa sababu ya umri wako. Wewe umeshaona mengi, huwezi kunicheka.

Kama hutachoka, nitakuwa naweka barua pamoja na kila sura. Nawe uniambie hali yako, hasa msimu huu wa mvua.

Mwanao,
Lusungu

*

Mbezi Luis,
9 Machi 2025

Mwanangu Lusungu,

Marahaba.

"Mfumo utakusubiri" nimeizungushia duara la kijani. Duara kwangu si kosa. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu, na alipokutana na sentensi nzuri kwenye daftari la mtoto aliizungushia duara, maana yake iache hivyohivyo, usiiguse. Mimi hufanya vilevile, na kwa mwaka natoa machache.

"Bofya" na "bonyeza" chagua moja. Vaileth amesema bonyeza, basi iwe bonyeza hadi mwisho wa kitabu.

Kuhusu kuongea na watu, huna ugonjwa wowote. Umekaa kwenye benchi, umeuliza kitu ulichotaka kukijua kweli, ukasikiliza jibu, na sura ikapona. Kuongea ni hivyo tu. Wanaocheka ofisini waache na kicheko chao.

Sijachoka. Weka barua. Hali yangu si mbaya, ila magoti yananisumbua mvua ikikaribia.

Wako,
Mwl. F. Nikodemu

*

Mbezi Luis,
22 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Magoti yangu hayana shida yoyote. Naanza na hilo ili lijulikane mahali.

Nilimwambia Lusungu magoti yananisumbua kwa sababu nilikosa la kusema la kizee. Wiki iliyofuata, bahasha ya sura ya pili ilikuja na chupa ya dawa ya kuchua, ile ya kikwetu ya kupikwa na mafuta ya nazi, imefungwa kwenye nailoni mara mbili isimwagike juu ya kazi. Alikuwa ameandika kwenye kikaratasi, "Kidogo tu, asubuhi na jioni, na usikae sakafuni." Nilikaa sakafuni nikalia.

Nampenda, dada. Nimeandika na sifuti. Sijawahi kumwona. Najua anavyokosea "hutaweza", najua anavyomwogopa bosi wake, najua alibeba maji kwa mama yake mgonjwa hadi siku ya mwisho. Ananieleza yote kwa kuwa anadhani mie ni mtu mzima asiyeweza kumcheka. Amesema wazi kwamba kwa mwanamke wa rika lake maneno hayaji. Siku akijua, barua zitakoma, na atajiona mjinga kwa kila alilowahi kuniambia. Nikimwambia nampoteza. Nisipomwambia, ninaiba.

Na kila Jumamosi yuko kwa yule Vaileth na maandazi yake. Ananisimulia jinsi anavyocheka. Mie najibu "vizuri, mwanangu".

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bi. Hamida kuchukua sura ya tano, mvua inamwagika. Pale mlangoni alisimama kaka mmoja amelowa chapachapa, ananitazama kana kwamba nimebeba mzigo wake. Nikamwomba asogee nifunge mwavuli. Hata nyumbani niliiona ile sura yake, sijui kwa nini nakuandikia na hilo.

Niambie nifanye nini. Usiniambie kwa simu.

Flaviana

*

Mbagala,
28 Aprili 2025

Mwalimu,

Sura ya sita hii hapa. Natumaini mvua haikukusumbua. Natumaini na magoti pia.

Vaileth anasema sura ya tano imemwingia bila kunywa maji.

Lusungu

*

Mbezi Luis,
4 Mei 2025

Ndugu Lusungu,

Sura ya sita nimeisoma na kuirudia. Nimekuta nukta moja iliyozidi na basi. Muuguzi yeyote ataielewa. Ulichokuja kujifunza umekipata, na sura mbili zilizobaki utaziandika hata bila mimi.

Barua yako haikuwa na salamu. Sikuandikii kudai heshima, maana hata hiyo niliyokuwa napewa sijui kama nilistahili. Nauliza tu kama kuna nililokukosea. Ulizoea kuniandikia kurasa mbili, safari hii mistari mitatu. Kama umechoka, sema, sitaumia. Sentensi hiyo ya mwisho si ya kweli lakini niiache.

F. Nikodemu

*

Mbagala,
25 Mei 2025

Mwalimu,

Hujanikosea. Niliishiwa maneno kwa muda, sasa yamerudi.

Brightson amesoma mwongozo wote hadi mwisho akiwa amesimama, halafu akasema, "Sasa hiki ni kitabu." Zahanati zote zimeuanza upya na daftari zimewekwa kabatini. Sitatafutiwa kazi inayonifaa. Kwa hiyo kazi yetu imekwisha, na bahasha hii haina sura yoyote.

Ndani kuna karatasi nyingine naomba unisahihishie. Ni barua ya posa. Sijawahi kuandika, na unajua barua hii inavyosomwa mbele ya wazee wa binti, kosa moja linasimuliwa ukoo mzima. Jina la binti nimeliacha wazi, kwa kuwa sijajua kama nina haki ya kuliandika. Nimemwona kwa macho yangu mwaka huuhuu, nami nimeridhika kwamba ndiye.

Na kwa vile sina mtu mzima hapa mjini, naomba ombi la pili. Uwe mshenga wangu, uifikishe kwao. Kama huwezi, niambie sababu. Sababu yoyote nitaipokea.

Lusungu

*

Mbezi Luis,
1 Juni 2025

Ndugu Lusungu,

Naanza na kazi.

Umeandika barua ya posa kama mwongozo wa kompyuta. "Mwombaji anaomba kuhakikishiwa kuwa ombi limepokelewa." Mwombaji ni wewe. Andika "naomba". "Iwapo ombi litakataliwa, mwombaji hautaweza kujaribu tena." Hata hapa, baada ya miezi yote hii. Ondoa sentensi nzima, usiwafundishe wazee kukataa. Mahali pa "kwa sababu zilizoorodheshwa" sema sababu moja tu, ile ya kweli. Nimeona umeiandika chini kabisa kwa herufi ndogo: "Nikiwa naye sioni haya kuwa mimi." Ipandishe juu. Wazee waikute kwanza.

Vaileth ana bahati. Nasema hivyo kwa moyo wote.

Ushenga siwezi. Umeniomba sababu, nayo ni hii. Mshenga huwa mtu mzima. Mimi nina miaka thelathini na tatu. Sijastaafu, shule yangu ilifungwa. Magoti yangu ni mazima, dawa yako niliipaka hivyohivyo kwa kuwa ilitoka kwako. Shikamoo yako ya kwanza niliijibu kwa mazoea, ya pili kwa woga, na zilizofuata kwa sababu nilishakupenda na sikutaka barua zikome. Ulinieleza mambo ambayo usingemweleza msichana, na msichana ndiye aliyekuwa akiyasoma. Sikuwahi kukucheka, lakini nilikudanganya, na ninaona aibu.

Nilikuambia kosa kubwa ni kuandika bila kumjua unayemwandikia. Wewe hukuwa na kosa hilo. Mimi ndiye niliyekuzuia kunijua.

Nisamehe. Nenda kwao na barua nzuri.

Flaviana

*

Mbagala,
4 Juni 2025

Flaviana,

Habari za tangu siku ile ya mvua.

Mie ndiye yule kaka aliyelowa pale mlangoni. Twalib alikataa kuingia barabarani kwa mafuriko, nikaona nije mwenyewe na sura ya tano, nimwamkie Mama Mwalimu kwa mdomo walau mara moja. Bi. Hamida akasema, "Mwalimu, bahasha yako hii." Nikageuka kumtafuta mzee. Ukaniomba nisogee ufunge mwavuli. Nikasogea, na nisingeweza kufanya kingine chochote.

Nilirudi Mbagala na hasira. Njia nzima nilikuwa nakumbuka kila nilichokuandikia, mambo ya laptopu, mambo ya trafiki, mambo ya mama. Nikatoa barua zako nizichane. Nikasema nizisome kwanza. Nikatafuta mahali uliponicheka, sikupaona. Nilipomaliza zote hasira ilikuwa imekwisha, na nilichokuwa nacho ni hamu ya kukuandikia. Nilishakujua wewe ni nani na maneno bado yanakuja. Hilo halijawahi kunitokea.

Shikamoo nikashindwa kuiandika, maana nina thelathini na sita, ningekuwa namwamkia mdogo wangu. Kukwambia kwamba nimekuona niliogopa kukuaibisha. Kwa hiyo nikaacha tu kukuamkia, nikasubiri useme mwenyewe, na uliposema "sitaumia" halafu ukajisahihisha, nilikuwa karibu kupanda pikipiki ya Twalib nije.

Vaileth ana mume na watoto watatu, mmoja ndiye yule aliyekuwa akikojoa. Ndiye aliyeniambia niandike posa badala ya kumsumbua kila Jumamosi kwa habari za mwalimu wa Mbezi.

Barua nimeinakili upya kama ulivyoelekeza, na ile sentensi nimeipandisha juu. Pale palipokuwa wazi nimeandika jina. Nakurudishia uipitie mara ya mwisho. Kama jina hilo ni kosa, lipige mstari kama unavyopiga kwenye makosa mengine yote, usieleze, nitaelewa. Kama si kosa, mwachie Bi. Hamida. Amekubali kuwa mshenga, ni mtu mzima wa kweli, ndiye aliyeniambia kwenu ni Ndanda, na anasema hajawahi kufika huko.

Lusungu

*

Ndanda,
13 Julai 2025

Ndugu Lusungu Sanga,

Mimi ni Apolonia, dada yake Flaviana. Nakujibu kwa niaba ya familia ya marehemu Mwalimu Nikodemu.

Bi. Hamida alifika salama na basi la asubuhi, amechoka na amefurahi, na ameshauliza bei ya viwanja. Barua yako, ikiwa imefungwa kwenye leso kama inavyotakiwa, aliisoma baba mdogo Jonas mbele yetu sote. Kwenye ile sentensi ya kutoona haya aliivua miwani akaifuta, akaendelea. Alisema tangu kaka yake afariki hajasikia barua iliyonyooka hivi, akataka kujua ni shule gani uliyosoma. Bi. Hamida na mimi tuliangalia chini.

Desturi yetu posa ikifika, binti huitwa akaulizwa mbele ya wazee kama anamfahamu huyu anayemtaka. Baba mdogo alikuwa ameshachukua simu ampigie Flaviana. Nikamwomba asubiri, nikamwonyesha jina la mdogo wangu pale lilipoandikwa. Lilikuwa limezungushiwa duara la kijani.

Baba mdogo alisoma darasani kwa kaka yake. Aliiweka simu chini, akasema hakuna wa kuulizwa tena.

Mengine ya taratibu atakueleza mshenga wako. Mimi nimebakiwa na jibu moja tu. Barua yako umeianza kwa kutuamkia sote, na mimi, kaka, nimekuzidi umri kwa haki kabisa, nina mvi na magoti yananiuma kweli.

Marahaba.

Apolonia Nikodemu